Waya Ambao Mbithi Hakuufunga

Mbithi alianza kwa kutengeneza redio za majirani, kisha akahamia umeme wa magari, na kwa miaka ishirini na miwili gereji yake ndogo karibu na Kathonzweni haikukosa kazi. Alikuwa na kanuni moja. Kila waya alioupitisha ndani ya mlango wa gari aliufunga kwenye chuma kwa kipande cha tubu ya baiskeli, ili dirisha linaposhuka lisiuguse. Mafundi wengine walizitambua kazi zake kwa vipande hivyo vyeusi.

Mwezi wa Februari, wakati wa mavuno ya ndengu, Kanyiva alimletea gari lake dogo. Kanyiva hununua ndengu kwa wakulima na kuziuza kwa jumla. Kioo cha ubavuni cha kutazamia nyuma, upande wa dereva, kilikuwa kikining'inia kwa nyaya zake, pamoja na taa ndogo ya indiketa iliyomo ndani yake.

"Nani amekuzaba kofi namna hii, Mama?"

"Punda wa maji. Amepita na mitungi yake kama mwenye barabara. Sasa nimshtaki wapi, fundi? Punda hana leseni."

Mbithi alifungua paneli ya ndani ya mlango, akalegeza boliti tatu, akakitoa kioo kilichovunjika na kufunga kingine alichokuwa amekitoa katika gari kuukuu. Plagi hazikulingana, kwa hiyo alikata nyaya mbili za indiketa, akaziunganisha na kuzizungushia tepu. Kanyiva alikuwa amesimama akitazama saa, maana lori la mnunuzi lilimsubiri. Mbithi aliitafuta tubu, hakuiona karibu, akairudisha paneli hivyo hivyo. Alipojaribu indiketa, taa zote ziliwaka na kuzimika sawasawa. Dirisha hakulishusha. Barabara yetu ni ya vumbi jekundu na hakuna aendeshaye gari hapa dirisha likiwa wazi. Hata fundi hulijaribu gari likiwa limefungwa.

Kanyiva alipofika kwenye lami, vumbi likiisha, alishusha dirisha apate hewa, kama tufanyavyo sote. Mbele kidogo alishusha kijiti cha indiketa, akakata kulia kuingia ghalani. Musyimi, kijana wa bodaboda, alikuwa ameshaanza kumpita. Pikipiki ilikivunja kile kioo kipya na kuubonyeza mlango, na goti la Musyimi likachanika.

Watu walipokusanyika walikuta gari limezimwa na kijiti kingali chini, ishara kwamba Kanyiva aliwasha indiketa. Musyimi aliapa kwamba hakuona taa yoyote, Kanyiva akamwita mwongo.

"Macho umemkopesha nani leo?" mwenzake mmoja alimuuliza, na watu wakaangua kicheko.

Wenzake wa steji, kituo chao cha bodaboda, walimvua jaketi ya kazi, asibebe abiria kwa mwezi mzima. Walisema kugonga gari ni ajali, lakini kuapa uongo ni tabia.

Siku ya tatu gari lilirudishwa kwa Mbithi. Alipoufungua mlango alizikuta nyaya zake zimebanwa na chuma kinachobeba dirisha, tepu imekwanguka, shaba tupu imegusa mlango. Fyuzi ya indiketa ilikuwa imeungua. Kanyiva alishusha kijiti kweli, na papo hapo taa zote zikafa. Naye, kwa sauti ya redio, hakugundua kwamba mlio wa indiketa umekoma. Musyimi alikuwa amesema kweli.

Mbithi aliweka fyuzi nyingine, akaziunganisha nyaya upya na kuzifunga kwa tubu. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu saa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua.

Kesho yake Musyimi alipita akichechemea.

"Mzee Mbithi, wewe ndiwe unayejua magari. Mtu anaweza kuwasha indiketa na ikatae?"

Mbithi aliinama, akajifanya anatafuta spana. "Magari ni mengi, kijana wangu."

Musyimi alingoja kidogo. Kisha akasema asante, akaenda zake.

Asante hiyo ndiyo iliyomshinda Mbithi. Jumapili kanisani aliketi karibu na mlango, yeye ambaye kwa kawaida huketi mbele pamoja na wazee wenzake, na ibada ilipokwisha aliondoka bila kusalimu mtu.

Jumatatu alimwendea Kanyiva, akamweleza yote. Mama huyo alichukua ufunguo wa gari.

"Na mimi nimemwita mwongo mbele ya watu," alisema. "Ingia garini twende."

Kwenye steji, Mbithi aliinua ile fyuzi iliyoungua wote waione.

"Musyimi hakuona taa kwa sababu hazikuwaka," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipitisha waya nikaacha kuufunga. Kisha aliponiuliza, nilimficha."

"Kumbe fundi naye huyapa magari ugonjwa!" mmoja alidakia, lakini safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Mwenyekiti wa steji alimrudishia Musyimi jaketi yake. Musyimi aliipokea, ila hakuivaa. Alimtazama Mbithi bila kutabasamu.

"Sema tena, Mzee," alisema. "Wale walio hotelini pale kando hawajasikia, na wao ndio walionicheka zaidi."

Mbithi alivua kofia, akageuka kuelekea hotelini walikokuwa wakinywa chai, akaanza upya kwa sauti kubwa.