Bibi Aliyefutwa Bila Kusomwa

Elinipa si mtu wa hasira za karibu. Wateja wa steshenari yake pale Lemara wanalijua hilo. Utamletea barua iliyolowa chai, atakuandikia upya, na atakusahihishia jina la bosi wako bila kukucheka. Alikuwa mpiga chapa serikalini miaka ishirini na sita, na kazi hiyo ilimwachia mgongo mbovu na tabia moja: hawezi kuvumilia jina la mtu likiandikwa vibaya. Sasa fikiria Jumamosi ile asubuhi, alipofungua tovuti ya ukoo wao akakuta jina la bibi yake halipo kabisa. Alifunga duka mteja akiwa bado ndani.

Tovuti ile aliijenga mwenyewe, miaka mitatu, akijifunza kwa video za kwenye simu. Alipanda vijia vya Nkoaranga, kwao mlimani, na goti lake bovu, akashuka Akheri, akanywa chai ya maziwa nyumba kwa nyumba huku akipiga picha za picha za zamani na kurekodi wazee wakibishana nani alizaliwa kabla ya nani. Kila mwezi alirudi kusahihisha, maana kila mwezi kulikuwa na shangazi aliyepiga simu kulalamika kwamba mjukuu wake amesahauliwa. Aliwaingiza wote, walevi kwa waombaji. Hata yule aliyeuza kihamba, shamba la urithi la baba yake, akahamia mjini yumo, na picha yake anacheka.

Yote hayo aliyaanza wiki ya msiba wa baba yake, mzee Eliasi, na kwa sababu moja tu. Eliasi alikufa hajawahi kuona jina la mama yake limeandikwa mahali popote. Si kwenye kitabu cha kanisa, si kwenye cheti, si juu ya kaburi.

Mama huyo aliitwa Namnyaki, binti wa Kiarusha kutoka magharibi ya mlima, mke wa pili wa Babu Philemoni. Babu alipotaka kubatizwa aliambiwa achague mke mmoja. Akamchagua Eunike, wa kwanza, akaja kuwa mzee wa kanisa anayesifiwa mpaka leo. Namnyaki akajengewa kibanda chini kabisa ya kihamba, kando ya mfereji, na tangu hapo watu wakamwita Bibi wa Chini. Eti wameachana. Eliasi alizaliwa kibandani humo mwaka wa tatu baada ya ubatizo, na mfereji hauzai watoto. Namnyaki aliendelea kuchuma kahawa ya mume huyo huyo hadi alipokufa, akazikwa pembeni bila kengele.

Na sasa kwenye tovuti Eliasi alikuwa amehamishiwa kwa Eunike, kama ndama aliyepelekwa kwa ng'ombe mwingine. Picha ya pekee ya Namnyaki, ameshika kikapu, ilibaki. Chini yake paliandikwa: "Msaidizi wa nyumbani."

Elinipa hakuwa na haja ya kuuliza ni kazi ya nani. Nywila alimpa mtu mmoja tu, Rodrick, mtoto wa baba yake mkubwa na katibu wa kamati ya ukoo, ili aongeze picha za upande wao, wa Eunike. Akampigia.

"Shikamoo, dada."

"Kaa na shikamoo yako. Bibi yangu yuko wapi?"

Rodrick akakohoa kama mtu wa vikao. "Dada, kesho ni shukrani ya ukoo. Mchungaji yupo, wageni wapo, tunaonyesha tovuti kwenye projekta. Watu wakianza kulinganisha miaka, babu ataonekanaje? Halafu na nyie nimewasitiri. Mzee Eliasi nimemweka vizuri, kwa mama wa ndoa."

"Umetusitiri?"

"Ndiyo, dada. Wewe ndiye ungenishukuru."

Elinipa akakata simu. Kusitiri! Watu wanasitiri uchi, wanasitiri maiti. Bibi yake alikuwa aibu ya nani, yeye aliyefukuzwa chumbani akaachwa shambani? Elinipa alilia kwa hasira, akapenga kamasi, kisha akakaa kwenye kompyuta. Alibadilisha nywila, akaziondoa hewani kurasa zote mia nne, akaacha sentensi moja.

Kesho yake ukumbini Rodrick aliwasha projekta kwa mbwembwe. Ukutani pakatokea maneno meusi: "Ukoo huu umempoteza bibi yake." Mchungaji, akidhani ni sehemu ya ratiba, aliyasoma kwa sauti. Kisha akauliza ni bibi yupi, na kamati nzima ikatazama viatu.

Jumatatu Rodrick akaja Lemara. Mkononi alikuwa na jani la isale, amelifunga kwenye gazeti wapita njia wasilione. Huku mlimani mtu akikujia na isale kuomba radhi, hukatai, hata kama amekuunguzia nyumba. Alilifungua, akalitoa kwa mikono miwili. "Dada, nimekosa."

Elinipa alitamani kulichana. Akalipokea, akaliweka juu ya printa.

"Kaa hapo," akasema. "Nimerudisha kila kitu isipokuwa yeye. Utamwandika wewe."

Rodrick akakaa, akainua kidole kimoja, akaandika: Bibi wa Chini.

"Futa. Jina lake."

Kidole kikabaki hewani. "Sisi nyumbani tulikuwa tunamwita hivyo hivyo tu, dada."

"Si ulilifuta juzi kwa mkono wako? Ulilifuta bila hata kulisoma?"

Rodrick akashusha kidole. Elinipa alilitazama lile jani na kujuta kulipokea. Kisha akaanza kumtajia herufi moja moja, kwa sauti aliyokuwa akiwatajia makarani wazembe. Alipokosea alimwanzisha upya. Mara ya tatu jina likakaa sawa, Namnyaki, juu ya Eliasi.

Rodrick akajifuta jasho, akainuka. "Basi yamekwisha, dada?"

"Bado. Pana kisanduku hapo kinauliza alikuwa nani kwa babu. Andika mke."

"Hilo labda tulipeleke kwenye kamati..."

"Herufi tatu, Rodrick."

Akaandika M, akageuka kuutazama mlango. Elinipa alikuwa ameshaufunga, na ufunguo alikuwa ameukalia.