Birika Lililoniyeyukia Mikononi

Ndugu wasomaji, nicheke kwanza mwenyewe. Tangu nistaafu ninajitolea kuongoza wageni katika makumbusho hapa ughaibuni, Don Mills. Siku ya kufungua maonyesho ya ufundi wa Ethiopia nilivaa kanzu yangu ya Idi kwa fahari.

Almaz, mfinyanzi Mhabeshi aliyeishi Nairobi miaka mingi, alikuwa amepanga vyungu vyake vyeusi vinavyong'aa. Birika moja la kijivu aliliacha peke yake, karibu na mlango wa choo. Nikajisemea: mama huyu ana adabu, ametukumbuka sisi wa kutawadha. Nikamwombea dua.

Adhuhuri ilipoingia nikalijaza maji, nikatia nia, nikaosha uso. Mdomo wa birika ukadondoka. Kikafuata kishikio chake. Kabla sijamaliza viwiko, birika zima lilinimwagikia kanzuni kama uji.

Nikatoka mbio kumwomba Almaz radhi, tukakutana uso kwa uso, na wageni wote nyuma yake.

"Mzee wangu, umefanya nini? Hilo halijachomwa! Ndilo pekee nililoleta kuwaonyesha udongo kabla ya moto!"

Alinitazama kanzu, akacheka hadi machozi, akauinua mkono wangu juu.

"Basi tazameni," akawaambia wageni. "Udongo kabla ya moto ndio huu. Baada ya moto ni ule pale."

Wakapiga makofi, wakanipiga picha. Alhamdulillahi, nilisimama wima, matope yakinichuruzika, nikiwa sehemu ya maonyesho.