Mkanda Uliokaa Uchagani

Mama alishuka Same na mkanda wa video ukiwa umefungwa kwenye pindo la kanga, pale pale anapofungiaga sadaka ya Jumapili. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunika, na alipofika kwangu hakutaka hata chai. Alitaka twende studio kwanza. Alipofungua pindo nikasogeza pua, nikajua mkanda ule ulikuwa umetunzwa wapi muda wote tangu baba afariki. Ulinuka jikoni.

Kwetu milimani, Upare wa Kusini, kitu unachotaka kikufae msimu ujao hukiweki kabatini. Unakiweka uchagani, juu ya mafiga, moshi ukipitie kila siku. Mahindi ya mbegu yanakaa huko, na mdudu dumuzi hayasogelei. Mama alipokabidhiwa mkanda alifanya kama alivyofundishwa na mama yake: akaufunga kwenye kitambaa safi, akaupachika katikati ya mahindi ya mbegu, mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba. Wanaocheka wacheke. Mimi sikucheka, maana najua ni vitu vichache sana mama alivyowahi kuviweka pale.

Mkanda wenyewe ulitokana na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo huko mjini. Kiwanda kikabinafsishwa, mwenye mali mpya akawaambia wafanyakazi asanteni, kwaheri, na kaka akarudi nyumbani na kiinua mgongo. Wenzake walinunua cherehani au mabati. Yeye alinunua kamera ya video, ndogo ya kushika mkononi, na watu wakamwona kachanganyikiwa. Lakini harusi hazikukoma kwa sababu ya ubinafsishaji, na kaka akala kwa kamera yake.

Siku moja alipanda nayo kijijini, ikaangukia siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Ilikuwa zamu ya kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa dogo linalokinga maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Baba ndiye aliyekuwa akipiga baragumu kuwaita watu, na ndiye aliyegawa zamu za maji. Kaka akampiga picha akipuliza baragumu, akampiga picha akitoa maneno yake ya kila mwaka juu ya kutunza maji. Baada ya hapo wazee wakamgeukia kaka. Kwenye msaragambo hakuna mtazamaji. Mwenye mikono miwili anashika jembe au karai, awe ametoka mjini au mbinguni. Kaka akajitetea kwamba naye yuko kazini, wakamwambia hiyo kazi ataifanya siku nyingine. Ikabidi aingie topeni na suruali yake ya mjini. Kamera akampa mtu pekee aliyeruhusiwa kukaa, naye ni baba, ambaye nyonga yake ilikuwa imeshaharibika. Akamwonyesha pa kushika, akamwambia asibonyeze kitu chochote, aelekeze tu.

Baba akaelekeza. Wiki chache kabla ya mvua zilizofuata, akafariki. Picha yake pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kitambulisho, ndogo, amekaza uso kama mtu anayedaiwa kodi. Kaka akampa mama mkanda, akasema siku moja tutatafuta namna ya kuutazama.

Hiyo namna ikaja na dada mmoja aliyefungua studio ya picha pale Same. Wazazi wake walikuja kukata mkonge kutoka mbali, yeye akazaliwa kambini huko uwandani, na sasa alikuwa na kompyuta na ule waya unaotoa picha kwenye kamera na kuziingiza ndani yake. Kaka alikuwa ametuachia kamera hapo hapo studio. Ndugu zangu wote walikuwa wamenipa agizo moja: maneno ya baba. Uso wake na sauti yake, akisema yale ya kutunza maji, ili hata watoto wetu wamjue.

Yule dada akamwamkia mama vizuri, akapokea mkanda, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Sura yake ikabadilika. Masizi yalikuwa yameingia hadi ndani. Akausafisha alivyoweza kwa pamba, taratibu, kisha akatueleza bila kutuficha. Kompyuta hainyakui video kwa mkupuo. Mkanda wa saa nzima lazima ucheze saa nzima, na huu wetu huenda ungecheza mara moja tu kabla ya kukatika. Halafu kulikuwa na jambo la pili: kompyuta yake ilijaa harusi za watu ambazo bado hajazitia kwenye sidii, na nafasi iliyobaki ilitosha kama robo saa. Kwa hiyo tuchague kwanza kipande tusichoweza kukikosa. Hicho kikishaingia atakitia kwenye sidii, afute, ajaribu kinachofuata, kama mkanda utakuwa bado mzima.

Mimi nikasema haraka kwamba tunataka mwanzo, baba anapozungumza.

Mama akasema hapana. Akamwuliza yule dada kama anaweza kuuzungusha mkanda bila kuuchezesha mpaka panapokaribia katikati, pale kaka alipotoa kamera mikononi mwake. Dada akasema anaweza.

Nikapandisha sauti. Nilimwambia mama kwamba kipande hicho baba hayumo, kwamba mtu aliyeshika kamera haonekani, kwamba tutapata picha za tope na miguu ya watu, na nitawajibu nini wenzangu. Niliongea kama mwalimu anayemfundisha mtoto mzito. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza, mikono yake ikiwa mapajani.

“Maneno yake nayajua, mwanangu,” akasema. “Aliyarudia kila mwaka, hata nyie mnayajua. Mimi siku ile kila nikiinua kichwa naona kile kijicho cha kamera kinanitazama. Nikamwambia baba yenu geuza huko, piga wengine, akanyamaza. Nataka kujua kama alikuwa ananitazama mimi, au ilimshinda kuigeuza.”

Yule dada hakusubiri mimi nikubali. Akauzungusha mkanda, akachomeka waya, akatuvutia viti.

Kwanza tuliona kidole gumba cha baba, kikubwa kuliko kitu chochote kwenye kioo cha kompyuta. Kisha kiatu chake. Kisha majani, yakicheza kulia na kushoto, na mimi nikakunja uso maana robo saa yetu ilikuwa inateketea kwenye majani. Mara picha ikatulia, na pale katikati akawa mama. Alikuwa topeni hadi magotini, kitenge amekifunga juu, karai kichwani. Kiuno chake kilikuwa kimenyooka. Sikuwahi kumwona mama yangu hivyo. Nilikuwa nimemwona akinipikia, akinichapa, akinisubiri, lakini mwanamke yule mwenye shingo ile aliyecheka na wenzake huku tope likimtiririka usoni sikuwa namjua, na nilimpenda pale pale.

Sauti ya mtu ikasikika kutoka pembeni ikimwomba baba ampige na yeye picha. Tukamsikia baba, karibu sana, sauti yake nzito yenye kikohozi ndani yake.

“Subiri,” akasema.

Mtu yule akasubiri, masikini, maana hakuonekana hata mara moja. Mama wa kwenye kioo akainama, akajaza karai, akainuka, akaanza kuvuka ndiva kwenda ukingo wa pili, mbali. Picha ikaanza kusogea. Ilisogea polepole, ikitetemeka kidogo, ikamfuata hatua kwa hatua hadi upande wa pili, ikamngoja amwage tope, ikamfuata tena akirudi. Akapita nyuma ya wanaume wenye mabeleshi, ikamngoja atokee. Akatokea, ikatulia. Tulisikia tu pumzi za baba, na mara moja akacheka peke yake, kidogo, kwa kitu ambacho sisi hatukukiona.

Nilimtazama mama wa kwenye kiti. Hakulia wala hakutabasamu. Alikuwa amesogea mbele, na kichwa chake kilikuwa kinageuka kidogo kidogo kila picha ilipogeuka.

Robo saa ikaisha. Yule dada akahifadhi, akatia kwenye sidii, akaijaribu, ikacheza. Kisha akaurudisha mkanda mwanzo kwa ajili ya maneno ya baba. Tuliona ukungu, tukaona baragumu likiinuliwa, uso bado haujatimia, na kamera ikatoa mlio mbaya. Alipoifungua, mkanda ulikuwa umejisokota ndani na kukatika vipande. Akauchomoa kwa kibano, ukatoka mweusi, ukimeguka vidoleni mwake. Akatuomba msamaha, ingawa hakuwa na kosa, na mimi nikalia. Nililia kwa sauti mbele ya mgeni, nikisema uso wa baba umepotea, tungeanza na mwanzo, nilisema mimi.

Mama alichukua sidii, akaikagua mbele na nyuma, akaiweka kwenye pindo la kanga na kulifunga. Nadhani hakuwa amesikia hata neno moja katika yote niliyokuwa nikiyasema. Alikuwa bado anatazama kioo, ambacho kilikuwa kimeshazimwa.

“Kumbe alijua kuigeuza,” akasema.

Akamshukuru yule dada, akasimama, akaniuliza kama chai ile bado ipo.