Kulungu wa Kinyozi

Tangu manispaa ituombe tupunguze kulungu wanaomaliza kabichi za watu, wanyama wenyewe wamekuwa wajanja, na wawindaji wote wa bonde letu hapa Hokkaido tunarudi mikono mitupu. Wote, isipokuwa kinyozi. Vidole vyake laini vinanukia poda, hupiga mluzi uleule akinoa wembe, na kila Jumatatu, siku anayofunga duka, gari lake hushuka mlimani limelemewa na kulungu. Roho inaniuma! Juzi, kichwa changu kikiwa mikononi mwake, nikashindwa kujizuia.

"Fundi, hivi unawapata wapi?"

Akanipangusa shingo taratibu. "Kwako, Bwana Kuramochi. Nakaa upande wa pili wa kilima, nasubiri ubamize mlango wa gari. Wakikukimbia wewe, wananijia mimi. Tafadhali, usije ukaacha."