Zamu ya Kukhu kushuka

Leo Kukhu, bibi yangu, amekataa kobe wote wa Shelisheli.

Tulikuwa nyumbani Malaba, foleni ya malori ikinguruma nje, tukichagua matembezi ya kila kisiwa ambapo meli yetu ya utalii itatia nanga.

Nilishaweka alama: kobe wakubwa, maporomoko, mashua yenye sakafu ya kioo. Sikutaka akose kitu.

"Futa hizo zote," akasema. "Mimi nataka tu kushuka."

"Kushuka uende wapi?"

"Chini. Nikanyage."

Ndipo akanieleza. Miaka ya sabini, yeye na babu walipanda meli ya ziwani kuuza samaki. Kila kisiwa babu alishuka kutafuta wateja, na yeye akabaki kulinda vikapu. Babu akamwahidi kwamba safari ijayo itakuwa zamu yake.

Safari hiyo haikufika. Meli zilisimamishwa, na babu akafariki.

(Mimi niliyejiona namjua, sikuwahi kumuuliza.)

Nikafuta kila alama. Nikamwambia tutashuka tumeshikana mikono.

Akaniangalia kana kwamba nimesema upuuzi.

"We msichana, tukishuka sisi wote, nani atalinda mizigo?"

Nimekubali kubaki melini. Nyinyi mngemjibu nini?