Nililia Msibani Kweli, Watani Wakacheka

Admin, jina langu lifiche, maana mimi ni maarufu kuanzia Ipogolo hadi Lubumbashi, na hapo sijaanza kujisifu. Nina miaka arobaini na sita, dereva wa semi. Shule nilikimbia umande, lakini najua kuchumbia kwa lugha tano. Msicheke bado, shida yangu ndiyo hiyo hiyo.

Mimi ni Mhehe. Wangoni ni watani zetu, na rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Mngoni, Komba, dereva mwenzangu aliyehamia Uyole, Mbeya. Aliniita mla mbwa, kama Wahehe tunavyotaniwa, mpaka mbele ya wakwe. Nilipougua Tunduma, yeye ndiye alinifulia nguo, hadi za ndani.

Mwezi uliopita Komba kafariki. Nafika msibani, dada yake anapaza sauti, "Mtani kaja! Mpeni nguo!" Mnajua mila: mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, wafiwa wapumue kidogo. Kazi hiyo mimi ni bingwa, misiba ya Wangoni wananifuata mpaka nyumbani.

Nikapewa koti lake. Bado linanuka dizeli na tumbaku. Nikakaa vumbini, nikalia, "Komba, umeniacha na nani?"

Uwanja mzima ukalipuka kicheko. Shangazi yao akasema, "Mhehe huyu kiboko, oneni mpaka makamasi!"

Nikapiga kelele, "Jamani, nalia kweli!" Ndiyo kwanza wakagaragara.

Mjane, mama Neema, alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mumewe akate roho. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaomba uji. Shemeji gani angemnyang'anya ule uji? Nikajifuta kwa mkono wa koti, nikainamia watu kama bingwa.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, "Siku ile nilikuwa nalia."

"Wewe? Hebu toka hapa baba Tuli, utaniunguzishia maharage."

Kibaya zaidi, hata nikiwa peke yangu kwenye usukani, nikimkumbuka Komba kinachokuja ni kichekesho. Nimeitwa mtani miaka yote mpaka huzuni yangu haina mlango mwingine wa kutokea. Saa nyingine najiuliza, labda kweli nilikuwa naigiza.

Leo mama Neema kapiga simu. Jumamosi wanaondoa matanga. "Shemeji, uje utulilie tena kama siku ile. Bila wewe sitaiweza hiyo siku."

Nikamjibu, "Niandalie mbwa mnono." Akacheka. Nimeegesha hapa Nyololo, hata kuwasha gari nashindwa.

Ndugu zangu, nikienda, namlilia rafiki yangu mbele ya watu wanaopiga makofi. Nisipoenda, nimemtupa mjane wake. Nikisema ukweli, wanacheka. Nifanyeje? Nishaurini, na nawaombeni, safari hii moja tu, mtu asiniwekee kile kikatuni cha kucheka.