Boksi la Injini Lililopandishwa Masama

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: ukishabandika sponji ndani ya boksi la injini, halafu ukagundua umekosea, unaibanduaje? Nililigeuza swali hilo mpaka shuka likaanguka chini. Nikiweka sponji, itashika moto. Nikiweka pamba ya kioo, wageni watajikuna. Nikiweka mpira, boksi litakuwa zito, boti itainama upande, na mamba watanila nikiwa bado naomba radhi.

Boti ni ya shangazi yangu, Shangazi Ndeshi. Anawatembeza wageni wanaopenda kutazama ndege kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, na mimi ndiye ninayewatajia majina ya ndege. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyopata tangu nimalize chuo. Tatizo ni injini. Ni ya dizeli, imekaa katikati ya boti chini ya boksi refu la mbao, na juu ya boksi hilo wageni huketi kama kwenye benchi. Ikiwaka, mimi napiga kelele "Mnandi yule!" na mnandi keshavuka bwawa. Kundi la mwisho lilisema litarudi Jumamosi, ila likikuta ngurumo ile ile, litatafuta boti nyingine.

Shangazi alinipa boksi nilirudishe likiwa limetulia.

"Lisipotulia," alisema, "boti nawapa wachuuzi wa samaki, na wewe utakaa ufukweni upare magamba. Utaiweza. Wewe kila kitu unakipara mpaka mfupa."

Alhamisi asubuhi, mtaani kwetu Soweto, Moshi. Kaka Kanuti, jirani yetu mwenye pikapu, alikubali kunipeleka kwa Bibi huko Masama. Bibi ana mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na injini yake ni pacha wa ile ya boti. Shangazi alizinunua zote mbili kwa mtu mmoja. Niliona ni busara kujaribia huko, mbali na macho ya wavuvi, kabla ya kupigilia chochote. Kanuti alilitazama boksi, akanitazama mimi.

"Dada msomi, hili si ungelijaribu hapa hapa kwa jenereta la saluni?"

Nilimweleza kwa nini mtetemo wa jenereta si sawa na mtetemo wa injini ya dizeli. Alipanda garini nikiwa bado naeleza.

Mawenzi, madukani mjini Moshi. Nilinunua vipande vya kujaribia: sponji nene ya godoro, pamba ya kioo ile inayowekwa kwenye majiko ya kuokea mikate, na karatasi ya kung'aa ya kuweka chini ya mabati. Muuza sponji aliniuliza kama nina uhakika. Lilikuwa kosa kumuuliza mtu kama mimi swali hilo, na foleni nyuma yangu ilirefuka. Vitu vyote nilivitia ndani ya boksi. Pamba ya kioo ilianza kupeperusha nyuzi zake, nikaogopa zitawawasha watu barabarani, nikalifunika boksi kwa shuka langu jeupe, nililobeba kwa ajili ya kulala kwa Bibi. Bibi alikuwa ameagiza maua ya kupamba kanisa Jumapili. Kanuti akayalaza juu ya shuka yasipondeke.

Naomba msomaji alitazame gari letu kwa macho ya mtu wa Kilimanjaro. Pikapu inatoka mjini, inapanda mlimani taratibu. Nyuma ina boksi refu la mbao, shuka jeupe, maua meupe. Mbele ameketi msichana asiyelala, macho mekundu. Wachaga hatuwaachi wafu wetu mjini. Tunawarudisha nyumbani, kwenye migomba. Kila mtu mlimani anaijua safari ile. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafikiria sponji.

Barabara ya Arusha ilikuwa na adabu ya ajabu. Lori la ndizi lilitupisha. Basi lilitupisha. Mzee mmoja kando ya barabara alivua kofia, akaikandamiza kifuani.

"Leo watu wana heshima," nilimwambia Kanuti.

"Sana," alijibu, akawasha taa za mbele.

Kwa Sadala, siku ya soko. Tulisimama ninunue kipande cha mpira mzito wa kulalia ng'ombe. Niliporudi nimeukumbatia, nilimkuta mama muuza viazi amesimama nyuma ya pikapu, mkono juu ya boksi, macho amefumba, anaomba. Wenzake watatu walikuwa wameinamisha vichwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Jasho likanitoka.

Ningeweza kusema palepale. Lakini unamwambiaje mtu aliye katikati ya maombi kwamba anaombea sponji? Nilitunga sentensi ya kwanza, nikaiona ina kejeli. Nikatunga ya pili, nikaiona ndefu. Nilipofikia ya nne, mama amesema amina, amenikumbatia mimi na mpira wangu, na kuniuliza kwa upole, "Ni nani, mwanangu?"

"Ni ya... ni ya shangazi," nilisema, nikimaanisha boti.

"Jamani, Ndeshi wa bwawani!" alisema mmoja wa wenzake, aliyekuwa akinifahamu. Akatoa simu. Kanuti akaondoa gari.

"Kaka Kanuti, ulijua!"

"Nilijua tangu Mawenzi."

"Mbona hukusema?"

"Sijawahi kufika Kwa Sadala haraka vile. Na mimi sijamwambia mtu kuna msiba. Nimewasha taa tu."

Kupanda Masama. Bodaboda mbili zilijiunga nyuma yetu, zikawasha taa. Kila kona niliapa kwamba kona inayofuata nitasimamisha gari niwaeleze. Lakini niliwaza: tukisimama watashuka, wakishuka watataka kubeba, wakibeba wataona ni jepesi, na jepesi ni swali baya zaidi. Tulifika kwa Bibi tukiwa msafara.

Kwa Bibi, mchana. Uani kulikuwa na viti vya plastiki, kuni, na mikungu ya ndizi mshare iliyoletwa na majirani. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, mtandio kichwani, simu mkononi. Alikuwa akimpigia Shangazi tangu habari zilipofika, na Shangazi hakupokea. Hakuwa na jinsi ya kusikia. Siku hiyo alikuwa akivusha magunia ya vitunguu, na injini ilikuwa wazi kwa sababu kifuniko chake ninacho mimi.

"Shikamoo Bibi," nilisema.

Hakuitikia. "Mfunue nimwone mwanangu."

Mzaha wote ulikatika pale. Nilipanda nyuma ya pikapu, nikatoa maua, nikavuta shuka, nikafungua. Kwa mara ya kwanza siku ile niliisema sentensi bila kuitunga: "Bibi, Shangazi yuko hai. Hili ni boksi la injini. Ndani ni sponji."

Mzee Ndelilio, jirani wa Bibi, alichungulia, akaingiza kidole, akaibonyeza sponji. Ikashuka, ikapanda.

"Anapumua," alisema.

Walicheka wote isipokuwa Bibi. Bibi alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. Nilikimbia mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la Bibi, nikavunja jani la isale, nikalifunga fundo, nikapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili. Kwetu, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Hata hivyo, Bibi aliliacha mikononi mwangu kwa muda, makusudi, mpaka magoti yakaniuma.

"Nimelipokea," alisema mwishoni. "Sasa simama. Watu hawa wameacha mashamba yao kwa ajili ya boksi. Waonyeshe boksi."

Alasiri, bandani. Waombolezaji wakawa mahakama. Tuliwasha injini ya mashine ya majani, ikanguruma hadi ng'ombe akageuza mgongo, tukaifunika kwa boksi. Bibi mwenyewe ndiye aliyeweka kipimo. Aliweka simu yake juu ya boksi, Mzee Ndelilio akaipiga kwa ya kwake, na kila aliyeisikia alinyoosha mkono.

Boksi tupu: hakuna mkono. Kwa sponji, iliyoshikizwa kwa pini: mikono michache ya mbele, na akina mama wakaanza kuipigia debe kwa sababu ni laini. Lakini nilikuwa nimekata kipande kidogo, nikakichovya kwenye dizeli. Kiliinywa kama mtu wa harusi. Nilipokiwekea kiberiti kikadondosha matone ya moto, na debe likaisha. Pamba ya kioo haikuungua hata kidogo, na ule ukali wa sauti uliopenya masikioni ukapungua; mikono ikanyooka hadi safu ya pili, kisha ikashuka kujikuna. Mpira wa ng'ombe peke yake ulituliza mbao zisitetemeke, ila mlio mkali ukabaki.

"Haya, msomi. Ipi?" aliuliza Kanuti.

"Labda nirudi Moshi. Nimesikia kuna aina nyingine..."

Simu ya Bibi iliita. Hakuipiga Mzee Ndelilio. Alikuwa Shangazi, injini ameizima, anauliza kwa nini amepigiwa na mlima mzima. Bibi aliisogeza simu mbali na sikio mpaka makelele yakaisha, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akasema, "Mwanangu, hatukuweza kukupata kwa sababu ya kelele za chombo chako. Ongea na huyu." Akanipa.

"Umechagua nini?" Shangazi aliuliza.

Ua wote ulinitazama. Bibi hakunitazama, alikuwa akilinyoosha lile jani la isale magotini pake. Niliwaza juu ya simu iliyolia mchana wote kwenye boti bila kusikika.

"Mpira kwanza, ushikane na mbao kwa skrubu zenye washa pana. Juu yake pamba ya kioo. Juu ya pamba karatasi ya kung'aa, tuizibe kingo zote, isinywe mafuta wala isimwashe mtu. Tundu la chini la hewa tunaliacha wazi, injini ipumue. Sponji hapana."

"Huna labda?"

"Sina."

Tulifanya kazi hiyo jioni ile ile. Mzee Ndelilio alileta bisibisi, vijana wa bodaboda wakakata mpira, na ndizi zilizoletwa kwa ajili ya matanga tukazipika machalari, tukazila. Simu ilipojaribiwa mara ya mwisho, hata aliyekaa langoni alinyoosha mkono. Bibi alisema huyo amezoea kunyoosha mkono tu.

Ijumaa, kuteremka. Boksi lilikuwa wazi, bila shuka. Hakuna aliyetupisha. Kanuti alilalamika njia nzima. Kwa Sadala nilimwambia asimame, nikamwendea yule mama wa viazi kabla sijapata muda wa kufikiri.

"Mama, jana uliombea sponji. Shangazi yuko hai. Samahani."

Alinikodolea macho. Kisha akashika kiuno. "Na ndiyo maana nilipoweka mkono niliona roho imetulia kabisa!" Aliwaita wenzake nirudie. Nilirudia mara kadhaa, kila mara wakicheka upya. Sponji nikampa yeye. Aliikunja, akaiweka juu ya kigoda chake, akaikalia.

Jumamosi, bwawani. Wageni waliketi juu ya boksi na Shangazi akawasha injini. Ilikoroma chini yao kama mtu aliyelala chumba cha pili. Nilionyesha mnandi juu ya mti mkavu, nikataja jina lake kwa sauti ya kawaida, naye akabaki pale pale akikausha mabawa. Shangazi alinikonyeza. Simu yake ikaita, na akaisikia.

"Mbona kimya hivyo?" Bibi aliuliza. "Nani amekufa?"